Boriti za Chelewa

Katika mwaka wangu wa pili wa masomo ya sanaa, mimi na wenzangu watatu tulikuwa tukibaki chuoni kila jioni baada ya vipindi, tukipita darasa hadi darasa na kopo tupu la maziwa ya unga na brashi ya rangi, tukifagia vumbi la chaki lililolala kwenye kibao kilicho chini ya ubao wa kuandikia. Madarasa ya hisabati ndiyo yaliyokuwa na neema kubwa, kwa kuwa walimu wa somo hilo huandika na kufuta bila kupumzika, na siku ikiwa njema tulitoka na robo kopo. Mlinzi wa jengo, ambaye alitutazama kwa wiki mbili bila kusema neno, siku moja alituuliza kwa upole iwapo chuo kinatulipa kwa usafi ule, na tulipomweleza kwamba tunatafuta lipu ya kupiga nyumba, aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeitikia maneno ya mgonjwa wa homa.

Hatukuwa tukimtania. Tulikuwa tunajenga nyumba ya ghorofa mbili ya Mji Mkongwe wa Unguja kwa skeli ya 1:50, yaani sentimita moja ya kwetu ilisimama mahali pa nusu mita ya kweli, na somo hilo lilikuwa na sharti moja lisilo na mjadala: hakuna kitakachonunuliwa kwa ajili ya modeli isipokuwa gundi nyeupe ya mbao na nyembe. Vingine vyote vitoke jikoni, jalalani, barabarani au ufukweni. Mwalimu wetu, mtu mpole wa sauti lakini mkali wa jicho, alituambia kwamba hata kama duka la kuuza mbao laini za balsa na vijiti vilivyokwisha kuchongwa lingefunguliwa ng'ambo ya barabara asingeturuhusu kuingia, kwa sababu aliyenunua ukuta hana haja ya kuutazama tena. Wakati ule niliona kwamba anatufanyia ubahili na kuuita elimu.

Jengo tulilolitaka mwanzo lilikuwa Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, lililoko Mji Mkongwe. Lilijengwa mwaka 1883 katika utawala wa Sultani Barghash, na lilikuwa na kila kinachomvutia kijana anayetaka kusifiwa: nguzo nyembamba za chuma, roshani pana zilizopandana ghorofa kwa ghorofa, mnara wa saa unaoonekana tangu baharini, na sifa ya kuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme. Mwalimu alitukatalia kabla hatujamaliza kueleza. Alisema tutalijenga kwa kutazama picha za watalii, kisha akauliza ni nani kati yetu aliyewahi kulala ndani ya nyumba ya mawe, si kuitembelea bali kulala humo na kuamkia humo, na mimi peke yangu ndiye niliyenyoosha mkono. Hivyo ndivyo nyumba ya bibi yangu iliyoko Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe, ilivyochaguliwa bila bibi mwenyewe kuulizwa.

Tulivuka kutoka Dar es Salaam kwa boti ya asubuhi siku ya Ijumaa. Bibi alitupokea kwa chai na mkate wa kumimina, akaketi kwenye kiti chake karibu na mlango wa ua, akatutazama tukinyoosha futi kamba ukumbini kwa muda mrefu, na hatimaye akasema, "Nyumba hii haijahama tangu nizaliwe, mjukuu wangu. Mnaipimia nini?" Mwenzetu kutoka Bukoba, ambaye siku hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda chombo cha baharini na tumbo lilikuwa halijatulia, alimjibu kwa heshima zote kwamba tunataka kuipunguza. Bibi alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Nilikuwa nimepitisha likizo zote za utoto wangu ndani ya nyumba ile, na bado siku mbili za kuipima zilinionyesha kwamba sikuwa nikiijua. Sikujua kwamba kuta zake zina unene wa sentimita 60. Sikujua kwamba hakuna kona hata moja iliyo sawasawa. Zaidi ya yote, sikuwa nimewahi kugundua kwamba vyumba vyake vyote, kikubwa kwa kidogo, vina upana unaokaribiana sana, takriban mita 2.8, na vinatofautiana kwa urefu tu, kiasi kwamba ukumbi tuliokuwa tukiuona mkubwa ni chumba chembamba kilichorefushwa. Tuliandika vipimo hivyo daftarini bila kuviuliza sababu, jambo ambalo lilitugharimu baadaye.

Sababu iko juu, darini. Sakafu ya ghorofa katika nyumba za namna hii hubebwa na boriti za mikoko, na juu ya boriti hupangwa mawe ya matumbawe na kumwagwa zege la chokaa ambalo hupondwa kwa siku kadhaa mpaka lishikamane. Huo ni mzigo mzito mno. Mkoko ni mti mgumu na haupendwi na mchwa, lakini kwa kawaida haukui kuwa nguzo ndefu iliyonyooka na nene kwa pamoja, kwa hiyo fundi hupata boriti yenye unene wa sentimita 12 hadi 14 ambayo akiipitisha zaidi ya mita tatu hivi chini ya mzigo ule itaanza kupinda. Upana wa chumba, basi, uliamuliwa na mti kabla mwenye nyumba hajafikiria chochote. Boriti hizo zilisafirishwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu hadi Uarabuni, na ndiyo maana nyumba za kale za miji ya Ghuba nazo zina vyumba vyembamba. Ukiingia katika nyumba ya zamani ya upande ule na kunyoosha futi kamba kutoka ukuta hadi ukuta, unaweza kuwa unapima urefu wa mkoko uliokatwa kwetu.

Modeli yetu ya kwanza haikuyajua hayo. Tulikata maboksi ya televisheni yaliyotupwa nyuma ya duka moja la Kariakoo, tukayasimamisha kwa gundi, tukatoboa madirisha, tukayapaka rangi nyeupe, na ndani ya siku tisa tukawa na kitu kilichofanana na nyumba ya bibi kama picha ya kitambulisho inavyofanana na mtu: kila kitu kipo na hakuna uhai. Mwalimu aliiinua mpaka kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha mara moja, akasema, "Hili ni boksi lenye madirisha." Kisha akaondoka kwenda kunywa chai. Tulikaa pale tukiwa tumenuna kwa nusu saa, tukimsema, hadi mwenzetu wa Mtwara, aliyekuwa na tabia ya kukokotoa kila kitu, alipochukua rula na kupima unene wa boksi. Ulikuwa milimita 3. Ukizidisha kwa 50 unapata ukuta wa sentimita 15, ambao ni ukuta wa tofali la saruji la siku hizi, tena tofali jembamba.

Kosa lilikuwa hapo. Jicho la mtu aliyekulia pwani huitambua nyumba ya mawe kwa kivuli kilicholala ndani ya dirisha kabla hata ya kuona lipu au mlango wa nakshi, kwa kuwa dirisha lake lina kina na mwanga huingia kwa kupita kwenye kina hicho, ukipungua. Dirisha letu lilikuwa tundu kwenye karatasi. Tulibomoa kila kitu, tukabandika maboksi manne manne kwa pamoja ili kupata milimita 12, tukayabana chini ya vitabu vizito vya maktaba kwa usiku mzima, na kesho yake tulipokata dirisha la kwanza na kuisogeza modeli juani, kivuli kilikaa mahali pake bila sisi kupaka chochote. Hatukushangilia. Tulitazamana tu, na nadhani sote tulikuwa tukifikiria idadi ya madirisha yaliyobaki, ambayo yalikuwa 22, na kila moja lilihitaji kukatwa mara nne.

Tangu siku ile kila kitu kilianza kwa rula. Tulijifunza kwamba kila nyenzo ina ukubwa wake wa kuzaliwa ambao huwezi kuuficha. Chukua mchanga. Wazo la kwanza la kila mwanafunzi ni kuchanganya mchanga na gundi ili apate lipu, na huo ndio uongo wa haraka kuliko wote, maana chembe ya mchanga wa nusu milimita ikiingia katika skeli ya 1:50 inakuwa kokoto ya sentimita mbili na nusu, na ukuta wako unaonekana umepigwa lipu ya kifusi. Chembe inayofaa ni ile ambayo kidole hakiihisi. Hapo ndipo chaki ilipoingia: tulilichuja vumbi lake kwa kitambaa cha shashi, tukaongeza maganda ya mayai yaliyotwangwa mpaka yakawa unga, tukakoroga na gundi nyeupe iliyotiwa maji, tukapata uji mzito ambao ukipakwa kwa kidole unakauka ukiwa na mawimbi madogo madogo, sawa na lipu ya chokaa iliyopigwa kwa mkono na mtu asiye na haraka.

Au chukua mabati. Paa za nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa bapa zamani, na baadaye zikafunikwa kwa mabati ya migongo, likiwamo la bibi. Umbali kati ya mgongo na mgongo wa bati hilo ni karibu sentimita saba na nusu, kwa hiyo sisi tulihitaji migongo ya milimita moja na nusu, iliyo sawasawa, kwenye kitu chembamba kuliko karatasi. Tulijaribu kitana, tukajaribu meno ya msumeno, tukajaribu kukunja kwa mkono. Jawabu lilitoka gereji. Mmoja wetu alikuwa amepeleka pikipiki ya kaka yake kutengenezwa, akakaa akichezea bolti iliyofunguliwa, bolti ya kawaida ya spana namba 17, akaona kwamba nyuzi zake zimepishana kwa milimita moja na nusu kamili. Alirudi nayo mfukoni, sijui kama aliiomba. Tulikata vipande vya foili ya vyombo vya kubebea chakula, tukavilaza juu ya bolti ile na kuvisugua kwa mpini wa kijiko, na bati likatoka. Tulitengeneza mabati 140, na hadi leo nikiona bolti ya ukubwa huo mkono wangu huwashwa.

Kitu kilichotushinda kwa muda mrefu kilikuwa boriti zenyewe. Tulianza na vijiti vya mishikaki, kwa kuwa unene wake ulikaribiana na hesabu yetu, na tulipovipanga darini vikawa vimenyooka kama askari kwenye gwaride. Vilikuwa mviringo kamili, vya unene mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na rangi moja. Mkoko hauko hivyo. Una upande mnene na upande mwembamba, una kifundo hapa na kigongo pale, na ukizitazama boriti 10 pamoja utaona kila moja ina mwendo wake ingawa zote zinaelekea upande mmoja. Tulijaribu kuvikwaruza vijiti vile kwa wembe ili kuvitia kasoro, na kasoro zetu nazo zikafanana.

Niliyapata majibu nyumbani kwa bibi, nilipokwenda peke yangu kurudia vipimo vya ngazi. Asubuhi alikuwa akifagia ua kwa ufagio wa chelewa, ule wa njiti za makuti ya mnazi, nami nilikuwa nimekaa kibarazani nikiwaza kuhusu boriti, na macho yangu yakawa yanaufuata ufagio kwenda na kurudi kwa dakika kadhaa kabla akili haijaona kilichokuwa mbele yake. Njiti ya chelewa ina shina nene na ncha nyembamba. Ina rangi ya hudhurungi isiyolingana, ina vifundo vidogo, inapinda kidogo inapokauka, na ukiikata mahali panapofaa inakupa milimita mbili na nusu, ambazo kwa skeli yetu ni sentimita 12 na nusu, boriti halali kabisa. Bibi alipoingia ndani kwa sala ya adhuhuri nilichomoa njiti kwenye ufagio wake, kwanza tano, halafu kumi, halafu nikaacha kuhesabu. Nilipanda boti ya jioni nikiwa nimezifunga kwa gazeti, na ufagio nikauegemeza ukutani upande wake uliobaki mnene ukitazama mlangoni.

Kuhusu uchafu nitasema kwa kirefu zaidi, kwa sababu ndio unaoamua kama jicho litaamini. Mwanafunzi wa modeli akishamaliza kujenga huanza kuchafua, na karibu wote huchafua vibaya: hukoroga rangi nyeusi na kahawia, hupaka kila mahali kwa kiasi kilekile, na nyumba hutoka ikiwa kama imeoshwa kwa maji machafu. Sisi pia tulifanya hivyo kwenye ukuta wa majaribio. Kilichotuokoa ni fundi mwashi mmoja, mzee aliyekuwa akitengeneza nyumba ya jirani ya bibi, ambaye tulimwomba ruhusa ya kupiga picha ukuta wake ulioharibika naye akatuuliza tunaona nini hapo. Tulimwambia tunaona lipu iliyobanduka. "Imebanduka wapi, mwanangu?" Chini. "Kwa nini si juu?" Tulinyamaza.

Akatueleza, akigonga ukuta kwa mpini wa mwiko wake. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji kutoka ardhini na kuyapandisha hadi kimo cha kiuno cha mtu hivi, maji yakiwa na chumvi, na lipu ya chokaa huyaacha yatoke taratibu kwa kuwa nayo ina matundu, hivyo hupukutika kama unga kidogo kidogo na fundi huja kuirudishia baada ya miaka. Lakini watu walipochoka kurudia wakapaka saruji sehemu ya chini, na saruji hufunga mlango. Maji hukaa nyuma yake, chumvi hujikusanya na kusukuma, na siku moja kipande kizima ukubwa wa sinia kinaachia na kuanguka. Ukutani mbele yetu mlikuwa na magonjwa mawili, na tangu asubuhi tulikuwa tukiyaona kuwa moja.

Tuliporudi Dar es Salaam tuligawa kuta zetu kwa penseli. Kutoka ardhini hadi sentimita mbili, yaani mita moja ya kweli, tulipaka tabaka la pili la lipu ya chaki lililokuwa gumu zaidi na la kijivu, tukaliacha likauke, kisha tukaliinua kwa ncha ya wembe katika sehemu chache ili libanduke kwa vipande vyenye kingo kali. Juu ya hapo tulitumia chumvi. Ukuta hupakwa kwanza rangi ya jiwe, halafu hulowanishwa kidogo na kunyunyiziwa chembe za chumvi ya mawe mahali unapotaka ugonjwa, halafu hupakwa chokaa juu ya yote, na ikishakauka unaisugua chumvi kwa kidole nayo inatoka na rangi iliyoifunika, ikiacha mabaka laini yasiyofanana hata mawili. Ilinifurahisha, na bado inanifurahisha, kwamba kilichotengeneza mabaka katika nyumba ya kweli na kilichoyatengeneza katika modeli ni kitu kilekile kimoja, nacho kilitoka kwenye kopo la jikoni.

Baada ya hapo kila doa lilipaswa kueleza limetoka wapi. Kutu ya mabati, ambayo tuliipata kwa kuloweka waya wa kusugulia masufuria katika siki na chumvi kwa siku tatu, haikuruhusiwa kukaa popote isipokuwa bati linapolalia bati jingine na kuzunguka misumari, maana ndiko maji yanakotuama. Weusi wa ukungu, uliotokana na masizi ya mkaa, ulishuka chini ya mlizamu, yaani mfereji wa maji ya mvua, uliopasuka na si chini ya ule mzima. Kizingiti kiling'aa katikati kwa kusuguliwa na mshumaa kwa sababu katikati ndipo watu wanapokanyaga. Mwenzetu wa Bukoba alipopaka doa zuri sana la maji chini ya dirisha la mashariki, tulimuuliza maji hayo yametoka wapi, akafikiri, akalifuta. Lilikuwa doa zuri kweli. Nililionea huruma.

Najua wapo wanaoamini kwamba kazi ya namna hii ni utumwa, na kwamba msanii wa kweli akipata maboksi hujenga kile ambacho hakijawahi kuwapo. Mfano wanaoutoa mara nyingi ni Bodys Isek Kingelez wa Kongo, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki mwaka 2015, ambaye kwa karatasi, kadibodi, makopo na plastiki alijenga mjini Kinshasa majengo na miji mizima ya ndoto, yenye rangi za peremende na minara isiyofuata sheria ya uzito, na mwaka 2018 kazi zake zilijaza kumbi za jumba la makumbusho la sanaa za kisasa la New York. Nimezitazama picha zake kwa saa nyingi na ninazihusudu. Lakini kinachosahaulika ni kwamba kabla ya kujulikana alifanya kazi ya kukarabati vitu vya kale katika makumbusho ya taifa mjini Kinshasa, kazi ya kukitazama kitu kilichotengenezwa na mwingine mpaka ujue kilivyoshikana. Ukizichunguza kingo za majengo yake, jinsi alivyokata na kubandika, huoni mkono uliotoka moja kwa moja kwenye ndoto.

Modeli ya pili, iliyokuwa na kuta nene na chumvi na mabati ya bolti, iliwekwa katika stoo ya chuo wiki moja kabla ya kusahihishwa. Gundi nyeupe ilikuwa imetuishia, na ghorofa ya chini tulikuwa tumeimalizia kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa, tukijiona wajanja. Panya waliingia usiku wa pili. Walikula ukuta wa kaskazini, ngazi, na mlango wa mbele, ambao ulikuwa umenichukua siku nne kuuchora nakshi zake kwa kalamu isiyo na wino juu ya karatasi ya manila iliyoloweshwa, mlango wa sentimita tano wenye mfaa wake, ule mhimili wa katikati, na misumari yake ya shaba iliyokuwa matone ya gundi yaliyodondoshwa kwa ncha ya sindano. Chaki hawakuigusa. Waliitenga kwa ustadi, ikabaki imesimama kama ganda la yai, na ndani yake hakuna ukuta. Fundi anayejalidi vitabu alituambia baadaye, kwa mshangao wa mtu aliyedhani kila mmoja analijua hilo, kwamba gundi ya unga hutiwa mrututu kidogo, ambao ni sumu, na matone ya mafuta ya karafuu ili isiote ukungu. Tuliijenga upya ghorofa nzima kwa siku sita. Mlango wa pili haukuwa mzuri kama wa kwanza, na alama tulizopata, ambazo hazikuwa mbaya, sikuziona kuwa zimelipa fidia.

Modeli ilibaki juu ya kabati moja la chuo kwa miaka kadhaa baada ya sisi kumaliza masomo. Nilikuwa nimeisahau. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya upande wa mbele wa Beit al-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa wakati jengo likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Nilizitazama picha za kifusi kwenye simu, mawe ya matumbawe na boriti zimelala barabarani ovyo, na nikajikuta ninafanya kile tulichofundishwa kufanya, ninatafuta ni wapi ukuta ulianza kuachia. Wiki iliyofuata nilikwenda chuoni kuomba nipewe nyumba ya bibi yangu. Ilikuwa na vumbi la kweli juu ya vumbi letu, na haikuwa rahisi tena kuyatofautisha.

Niliivusha kwa boti ikiwa ndani ya boksi la televisheni, ambalo ndilo lililokuwa asili yake. Bibi alikuwa amepungua, macho yake hayakuwa mazuri, na aliitaka iwekwe mezani karibu na dirisha. Aliipapasa kabla ya kuitazama. Alipitisha kidole kwenye kizingiti, akakiingiza dirishani hadi pingili ya kwanza, akauliza kama tumeuweka na ule mlizamu uliopasuka, nikamwonyesha. Kisha nikainua paa, na baada ya paa nikaondoa sakafu ya ghorofa ya pili ili aone chumba chake kutoka juu, na katika kuigeuza sakafu ile akaona upande wake wa chini. Aliinama. Alisogeza miwani.

"Huu si ufagio wangu?"

Nilikubali kosa. Alisema alimtafuta mchawi wa ufagio ule mtaa mzima, na kwamba alimdhania mtoto wa jirani, ambaye sasa ni baba wa watoto wawili na anastahili kuombwa radhi. Lakini hakuwa amemaliza na ile sakafu. Aliendelea kuigeuza, akigusa njiti moja baada ya nyingine kwa ukucha, midomo ikicheza, na mwisho wake akasema kwamba si sawa. "Umeweka 16. Chumba changu kina boriti 18."

Nilimweleza, kwa kujiamini kwa mtu aliyesomea jambo, kwamba tulipima nafasi kati ya boriti mbili za kwanza na kuigawa katika urefu wa chumba, na kwamba hesabu ilikubali. Bibi alinisikiliza hadi mwisho. Akasema kwamba yeye amelala chali chini ya boriti zile kwa zaidi ya miaka 50, akiwa na mimba, akiwa na homa, na akiwa hana kitu isipokuwa usingizi uliogoma kuja, na kwamba upande wa mlangoni zimesogeleana, huenda fundi aliogopa ukuta ule.

Nilipanda ngazi, nikalala juu ya kitanda chake na kutazama dari. Zilikuwa 18. Nilishuka, nikauliza ufagio uko wapi, nikamwomba njiti mbili.